Ocak Si Jiko Tu: Mwongozo Kamili wa Maneno ya Nyumbani ya Kituruki na Nahau Zake

Anayejifunza Kituruki hujua katika wiki ya kwanza kwamba kapı ni mlango, ocak ni jiko na ekmek ni mkate. Kisha rafiki yake anamwambia "Beni ektin" na maneno yote matatu hayamsaidii kitu. Rafiki hazungumzii mkate. Analalamika kwamba waliahidiana kukutana, akafika, akaachwa solemba.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayejiandaa kwenda kusoma Ankara au Konya, mfanyabiashara anayefuata nguo Laleli, mtaa wa maduka ya nguo jijini Istanbul, na yeyote anayetazama tamthilia za Kituruki akashuku kwamba tafsiri imeruka kitu. Maneno ya nyumbani ndiyo yenye maana nyingi kuliko yote, na maana hizo hazikumwagwa ovyo. Zimeanzia kwenye kifaa chenyewe, kinavyokaa na kinavyotumika nyumbani. Ukikijua kifaa, utazifuata maana zake kama mtu anayefuata kamba. Ukikariri orodha, utazisahau.

Hatua ya 1: Vua neno viambishi kabla ya kufungua kamusi

Kituruki hubandika viambishi nyuma ya neno, na herufi ya mwisho ya neno hubadilika kwa sababu hiyo. Wengi hukwama hapa: wanatafuta "ocağını" kwenye kamusi, hawalioni, wanadhani ni neno geni. Kumbe ni ocak + ı + n + ı, yaani jiko lako, likiwa yambwa (kinachotendwa) katika sentensi.

Kumbuka mabadiliko manne. Herufi k hugeuka ğ: ocak, ocağı, bardak, bardağı, yastık, yastığı. Herufi p hugeuka b: dolap, dolabı. Herufi ç hugeuka c: pabuç, pabucu. Herufi t wakati mwingine hugeuka d: kilit, kilidi; lakini süt (maziwa) hubaki sütü. Kwa hiyo ukikutana na ğı, bı, cu au di karibu na mwisho wa neno, irudishe konsonanti ya asili ndipo utafute.

Matamshi: c ni j yetu, ç ni ch, ş ni sh. Herufi ğ haitamkwi, huirefusha irabu iliyoitangulia. Ile ı isiyo na nukta haimo katika Kiswahili. Tamka u huku midomo umeitandaza kama anayetabasamu. Usiipuuze hiyo nukta. Halı ni zulia, hali ni hali yake mtu, kwa maana ileile ya Kiswahili. Kwenye simu weka kibodi ya Kituruki, la sivyo kamusi itakupa neno lingine kabisa.

Kamusi ya kutegemea ni ya Türk Dil Kurumu, taasisi ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1932. Iko bure kwenye sozluk.gov.tr. Hupanga maana kwa namba, na chini ya neno huorodhesha methali (atasözü) na nahau (deyim). Vitenzi utavikuta vikiishia na -mek au -mak. Ukiona neno lina maingizo mawili yenye namba za Kirumi, soma yote mawili.

Hatua ya 2: Tazama kitenzi, kwa sababu ndicho kinachotawala

Msemaji wa Kiswahili ana faida kubwa hapa. Sote tunajua kwamba anayepiga simu, anayepiga pasi, anayepiga hodi na anayepiga mswaki hawafanyi kitendo kimoja. Kituruki nacho kina vitenzi vya aina ya kupiga, na viwili vinatawala nyumba nzima.

Cha kwanza ni çekmek, kuvuta. Perdeyi çekmek ni kufunga pazia. Fişi çekmek ni kuchomoa plagi. Sifonu çekmek ni kumwaga maji ya choo. Kahve çekmek ni kusaga kahawa. Bankadan para çekmek ni kutoa pesa benki, na fotoğraf çekmek ni kupiga picha. Droo ni çekmece, na kochi linalovutwa likawa kitanda ni çekyat, yaani "vuta-lala". Mwenye nyumba akikuambia "Kapıyı çek" wakati unatoka, anataka uufunge mlango nyuma yako. Na yağ çekmek, "kuvuta mafuta", ni kumsifu mtu kwa kujikomba. Mafuta hayo ni ndugu wa yale tunayopakana kwa mgongo wa chupa.

Cha pili ni çalmak. Kikiwa na mlango ni kubisha hodi, kikiwa na chombo cha muziki ni kukipiga, kikiwa na mali ya mtu ni kuiba. Mlango na simu ndivyo vinavyoleta utata. "Kapı çalıyor" maana yake kuna mtu anabisha. "Telefon çalıyor", simu inaita. Lakini "Telefonumu çaldılar" ni taarifa ya polisi: wameniibia simu. Sasa itazame sentensi hii kwa karibu: "Telefonu çaldı." Ile -u ya mwisho yaweza kuwa umilikishi (simu yake), na sentensi ikawa "simu yake iliita". Yaweza pia kuwa alama ya yambwa, ikawa "aliiba simu". Herufi ni zilezile, na kinachoamua ni mazungumzo yaliyotangulia. Ukiwa unaripoti wizi, taja mwenye simu kwa kiambishi na mtendaji kwa wingi: telefon-um-u çal-dı-lar. Hapo hakuna anayeweza kukuelewa vibaya.

Hatua ya 3: Kijue kifaa, kisha fuata maana zake

Kwa kila neno jiulize maswali matatu: kifaa hiki hufanya nini nyumbani, nani hukusanyika karibu nacho, na kikikosekana nini hutokea? Tuanze na ocak, kwa sababu hakuna neno linalolipa zaidi.

Ocak asili yake ni mahali pa moto ndani ya nyumba. Leo ni jiko la gesi au la umeme la kupikia. Penye moto ndipo watu hukaa, kwa hiyo ocak ikawa nyumba na ukoo: baba ocağı ni nyumbani kwa baba, pale ulipozaliwa. Watu wanaoishi na kula pamoja wakaitwa ocak vilevile: asker ocağı ni jeshini, na askari wa zamani wa masultani waliitwa Yeniçeri Ocağı. Mahali panapotoa kitu kwa ajili ya watu nako ni ocak: çay ocağı ni kile chumba kidogo sokoni au ofisini kinachotoa chai siku nzima, taş ocağı ni machimbo ya mawe, na zahanati ya mtaa wazee bado huiita sağlık ocağı. Tena Ocak ni Januari. Hadi mwaka 1945 mwezi huo uliitwa Kânunusani, na neno kânun katika Kiarabu lilikuwa na maana ya jiko la makaa. Sheria ya mwaka huo iliyobadilisha majina ya miezi minne ikaweka Ocak.

Sasa swali la tatu. Jiko likizimika, nyumba imekwisha. "Ocağı söndü", jiko lake limezimika, husemwa kwa ukoo uliopukutika au familia iliyopatwa na msiba mkubwa. Kali kuliko hiyo ni "ocağına incir ağacı dikmek", kupanda mtini katika jiko la mtu, yaani kuiangamiza familia yake. Kwa nini mtini? Kwa sababu mtini huota wenyewe kwenye magofu na mizizi yake hupasua kuta. Penye mtini jikoni, hakuna tena anayewasha moto. Na mtu aliyeshikwa na shida akikuambia "Ocağına düştüm", nimeangukia jiko lako, anakuomba hifadhi kwa unyenyekevu wa mwisho kabisa. Usimjibu kwa mzaha.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushangaa. Nasi tunasema fulani amepata jiko, tukimaanisha ameoa. Kituruki kimefika palepale kwa njia ya neno ev, nyumba: evlenmek, kupata nyumba, ni kuoa au kuolewa, na evli, mwenye nyumba, ni aliye kwenye ndoa. Angalia mtego wake. "Evde kalmak", kubaki nyumbani, husemwa kwa mwanamke aliyekosa mume, na si neno la heshima. Dada akitaka kusema tu kwamba leo hakutoka, aseme "Bugün evdeydim". Akisema "Evde kaldım" bila kutaja siku, watu watatabasamu.

Ekmek ni neno la pili la kulishika vizuri. Kama nomino ni mkate. Kama kitenzi ni kupanda mbegu (Ekim, Oktoba, ni mwezi wa kupanda), kunyunyiza chumvi juu ya chakula, na kumkacha mtu mliyeahidiana. Kujua lipi limetumika, tazama mwisho wa neno. Likibeba -i, -im, -in na mfano wake likawa ekmeği, ekmeğim, ni mkate. Likipoteza -mek na kuchukua alama ya wakati, kama ekti au ekiyor, ni kitenzi.

Mkate ndio riziki, kwa hiyo ekmek parası ni pesa ya kula, na ekmek kapısı, mlango wa mkate, ni kazi inayokulisha. "Ekmek aslanın ağzında", mkate umo kinywani mwa simba: riziki ni ngumu, utaisikia kila siku sokoni. "Ekmeğini taştan çıkarmak", kutoa mkate wako kwenye jiwe, ni sifa kubwa kwa mchapakazi. Kinyume chake ni "ekmek elden, su gölden", mkate wa mkono wa mwingine na maji ya ziwani. Huyo ni yule tunayemwita kula kulala. Na "birinin ekmeğine yağ sürmek", kumpakia mtu siagi kwenye mkate wake, si wema kama inavyosikika: ni kumnufaisha mpinzani bila kukusudia.

Hapo pana kosa ambalo sisi hasa hulifanya. Kwetu kutia chumvi ni kuongeza maneno katika habari. "Üstüne tuz biber ekmek", kunyunyiza chumvi na pilipili juu yake, ni kulizidisha tatizo ambalo tayari lipo. Na "tuzu kuru", mwenye chumvi kavu, ni mtu ambaye hana shida ya pesa. Kitu kikikugharimu sana husemwa "tuzluya mal oldu", kimenitoka kwa bei ya chumvi.

Kapı, mlango, ni rahisi ukishakumbuka kwamba Waturuki nao huthamini hodi. Çat kapı gelmek ni kuja bila taarifa. Çat ni mlio wa mlango. "Kapı duvar", mlango ni ukuta, husemwa ukibisha na hakuna anayeitika. Kapıcı ni mtunza jengo la ghorofa, ambaye katika majengo mengi huwaletea wapangaji mkate wa asubuhi. Ukinunua mtandaoni, tafuta maneno kapıda ödeme: unalipa mzigo ukifika mlangoni. Na ukiambiwa "Kapıyı aralık bırak", hakuna anayetaja Desemba, ijapokuwa Aralık ndilo jina la mwezi huo. Uache mlango wazi kidogo tu.

Vyungu na sufuria. "Tencere dibin kara, seninki benden kara", sufuria, kitako chako cheusi, na chako ni cheusi kuliko changu: ndiyo nyani haoni kundule. "Tencere yuvarlanmış, kapağını bulmuş", sufuria limebiringika likakuta kifuniko chake, inasikika kama pongezi kwa maharusi. Si pongezi! Mara nyingi humaanisha wawili wenye tabia mbaya wamekutana. Harusini sema "Bir yastıkta kocayın", mzeeke juu ya mto mmoja, na usibadilishe hata neno moja. Kocamak ni kuzeeka. Koca peke yake ni mume, na kabla ya nomino ni kikubwa mno, kama koca tencere, lisufuria.

Kazan ni sufuria kubwa la kupikia watu wengi, na pia tanki la kuchemshia maji ya kupasha nyumba joto. Wale askari wa Yeniçeri walikula kwenye sufuria la pamoja, hata cheo kimoja cha maofisa wao kiliitwa çorbacı, mpika supu. Walipoasi waliliondoa sufuria jikoni na kulipindua mbele za watu. Sultani Mahmud II alilivunja jeshi hilo mwaka 1826, lakini "kazan kaldırmak", kuinua sufuria, mpaka leo ni kuasi. Ukizunguka mji mzima kutafuta kitu, sema "İstanbul kazan, ben kepçe": Istanbul sufuria, mimi upawa.

Vya kitandani havina tabu. Yorgan ni mfarishi mzito wa kujifunika. "Ayağını yorganına göre uzat": ayağ-ı-n-ı (mguu wako, yambwa), yorgan-ın-a (kwa mfarishi wako), göre (kulingana na), uzat (nyoosha). Nasi husema jikune ujipatapo. Yastık altı, chini ya mto, ni akiba ya nyumbani, hasa dhahabu, ambayo haikupelekwa benki.

Hatua ya 4: Vipimo vya jikoni

Hapa kosa la lugha linaharibu chakula. Mapishi ya Kituruki hupima kwa vyombo vya mezani. Su bardağı, glasi ya maji, huhesabiwa mililita 200. Çay bardağı, glasi ya chai, kama 100. Ukitumia kikombe cha mililita 250 kwa unga huku mayai na hamira umeviweka kwa idadi iliyoandikwa, kinyunya kitakuwa kikavu na kitapasuka ukikisukuma.

Vijiko ni vitatu: yemek kaşığı ni kijiko cha kulia, tatlı kaşığı ni cha kitindamlo, çay kaşığı ni cha chai. Kijiko cha chai cha Kituruki ni kidogo kwa sababu hukorogea glasi ndogo. Kijiko cha chai cha kwetu kinakaribia tatlı kaşığı. Basi karbonat (magadi ya kuokea) ikiandikwa 1 çay kaşığı, weka nusu ya kijiko chako cha chai. Ukijaza kizima, keki itakuwa na ladha ya sabuni. Silme ni kijiko kilichosawazishwa juu, tepeleme ni kilichojaa kilele.

Mapishi mengine hayana kipimo kabisa. Göz kararı ni kwa kukadiria kwa jicho. "Aldığı kadar un" ni unga kadiri kinyunya kitakavyochukua: tia konzi moja moja, kanda, kisha pima. Unapima kwa nini? "Kulak memesi kıvamı", ulaini wa ndewe ya sikio. Bonyeza ndewe yako kwa vidole viwili, kisha bonyeza kinyunya. Kikiwa kigumu kuliko ndewe, lowesha mikono na uendelee kukanda. Kikinata vidoleni, ongeza unga.

Chai ina lugha yake. Chini ya birika la ghorofa mbili (çaydanlık) maji huchemka, juu (demlik) majani huiva kwa dakika 10 hadi 15. Açık, neno la "wazi", kwenye chai ni nyepesi. Demli au koyu ni nzito. Iliyokolea vizuri na kung'aa huitwa tavşan kanı, damu ya sungura, na ni sifa. Kumbuka kiambishi -lık hapo: hutengeneza chombo. Tuz ni chumvi, tuzluk ni kichupa chake; şeker ni sukari, şekerlik ni kopo lake. Mtu akisema "Şekerim var", hana pipi mfukoni: ana ugonjwa wa sukari. Akikuita "şekerim", wewe ni kipenzi chake.

Hatua ya 5: Ndugu wa kweli na ndugu wa uongo

Kiswahili na Kituruki vimechota kisima kimoja cha Kiarabu, kwa hiyo sabun, kibrit, makas na sandık hutahitaji kufundishwa. Sandık hata imepanda ngazi zilezile za sanduku letu: sandığa gitmek, kwenda kwenye sanduku, ni kwenda kupiga kura. Fincan ni finjani ya watu wa Pwani, na kahverengi ni kahawia, rangi ya kahawa. "Bir fincan kahvenin kırk yıl hatırı vardır": finjani moja ya kahawa hukumbukwa kwa wema miaka 40.

Lakini wapo wanaofanana majina tu. Misafir ni mgeni aliyekuja nyumbani, si msafiri. Msafiri ni yolcu. Sahan ni kikaango kidogo cha mayai, wala si sahani, ambayo ni tabak. Bostan ni shamba la matikiti na mboga. Bustani ya maua ni bahçe. Sahip ni mwenye mali, si sahibu yako, hivyo ev sahibi ni mwenye nyumba anayekudai kodi, na pia ni mwenyeji aliyekualika. Leğen ni beseni, lakini daktari akitaja leğen kemiği anazungumzia mfupa wa nyonga. Na ukiagizwa kununua İngiliz anahtarı, usiende kwa fundi funguo. Anahtar ni ufunguo, swichi ya taa na spana. Hiyo ya "Kiingereza" ni spana ya kurekebisha mdomo.

Hatua ya 6: Kuziandika na kuzitumia

Usiandike neno moja kwenye daftari. Andika nahau nzima pamoja na kitenzi chake, chini yake tafsiri ya neno kwa neno, kisha maana, kisha anayeweza kuambiwa. Safu hiyo ya nne ndiyo watu huiacha, nayo ndiyo inayoponza. Methali hubaki kama ilivyo, nahau hunyambulishwa. "Ocağına düştüm" ukimwomba mtu mzima au usiyemzoea huwa "Ocağınıza düştüm", kwa -nız- ya heshima, na "Elinize sağlık", afya kwa mikono yako, hivyohivyo kwa aliyekupikia. Naye atakujibu "Afiyet olsun".

Anza na nahau tano kwa wiki, zote za kifaa kimoja. Wiki ya ocak iwe ya ocak tu. Zisikilize kwa wenyeji mara mbili au tatu kabla ya kuzisema mwenyewe, na zile za laana, kama mtini na jiko lililozimika, zielewe ukizisikia lakini usizitamke nyumbani kwa mtu.